Wazee wa kumiksi, hebu tupange treki zetu kwanza!

Najua nimepotea, msinifikirie vibaya. Testi, asaimenti na zile semina za jioni vimenibana kweli kweli. Leo wenzangu wote wa chumba wamekwenda kuangalia mpira, umeme upo, kimya kimetawala, basi nikasema ngoja nitoe la moyoni.

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu mtarajiwa. Wachache ndo mnajua kwamba nikiwa likizo nyumbani Nachingwea huwa nashinda kwenye kijichumba cha mshikaji wangu mmoja anayerekodi muziki. Trei za mayai ukutani, kapeti kuukuu sakafuni, laptopu moja, maiki mbili. Yeye ndiye prodyuza, mi ni msaidizi tu, wa kubonyeza kitufe cha kurekodi na kukimbia dukani kununua maji. Lakini kwa miaka hii michache nimejifunza jambo moja, na nitalisema hata kama wataalamu mtanicheka: kupanga na kuyaweka treki kwenye makundi ndiyo nusu ya kumiksi. Si usafi wa mtu mwenye muda wa kupoteza. Ni kazi yenyewe!

Najua hoja ya upande wa pili, maana nimeisikia mara nyingi. "Sikio ndo linamiksi dogo, sio rangi na majina." Ni kweli, sikio ndo linamiksi. Na ukiwa na biti moja na sauti moja ya singeli, hata usipopanga kitu utatoka salama. Lakini ngojeni niwasimulie kilichotupata, halafu mtaamua wenyewe.

Agosti 2023 ilikuja kwaya moja kutoka kijiji kimoja huko Ruangwa. Watu 22. Walikuwa wamechangishana baada ya mauzo ya ufuta, wakapanda gari asubuhi na mapema, wakatufikia wakiwa wekundu kwa vumbi. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila kundi na viongozi wake. Mwalimu wao wa kwaya ni mzee mmoja mpole sana. Kabla hata hajaomba maji ya kunywa aliwapanga watu wake pale uani: sauti ya kwanza huku, ya pili kule, wanaume nyuma, na yule mama anayeanzisha nyimbo akasimama peke yake mbele kidogo. Kijana mmoja wa sauti ya nne alikuwa anapiga stori upande wa akina mama. Mzee akamwambia taratibu, "Mwanangu, rudi kwenye sauti yako. Hatuanzi mpaka kila mtu asimame kwenye sauti yake."

Hilo neno lilinipita sikioni siku hiyo. Kumbe somo lote lilikuwa hapo.

Tukarekodi. Kila sauti iliimba mara mbili, kwa maiki mbili, hizo treki 16. Yule mama aliimba sehemu zake mara tano. Gita tatu, besi moja, kinanda tatu, ngoma na manyanga treki tisa, makofi mbili, na mbili nyingine mpaka leo sijui zilikuwa za nini. Jumla 41. Na majina yake? Audio 01, Audio 02, Audio 03... mpaka Audio 41! Aliyekuwa anabonyeza kitufe ni mimi mwenyewe, kwa hiyo simsingizii mtu. Kwaya iliyokuja imepangwa vizuri vile, sisi tuliichukua tukaimwaga kwenye kompyuta kama mtu anayemwaga gunia la mbaazi.

Mshikaji akamiksi kwa siku mbili. Wimbo ukatoka, wakaupenda, ukapigwa harusini na kanisani. Tatizo lilikuwa moja tu, na kila mtu alilisikia bila kujua kulitaja: kila kwaya ikiitikia, yule mama alikuwa anazama. Akiwa peke yake unamsikia vizuri, kwaya ikiingia tu anakuwa kama amerudi hatua tatu nyuma. Tukapandisha sauti yake, akawa anapiga kelele pale alipokuwa peke yake. Tukaishusha, akazama tena. Mwisho tukasema liwalo na liwe.

Jibu nimekuja kulielewa baadaye. Mshikaji alikuwa ameweka kompresa moja juu ya sauti zote kwa pamoja. Kompresa, kwa wasioijua, ni kifaa kinachobana sauti inapozidi kiwango. Ukiiweka kwenye treki moja moja, kila mtu anabanwa kivyake. Ukiiweka kwenye kundi, yenyewe inasikia jumla. Sasa kwaya ya watu 21 ikiingia, jumla inapanda, kompresa inabana kundi zima, na yule mama aliyemo ndani ya kundi hilo anabanwa kwa kosa ambalo si lake! Dawa yake ilikuwa ndogo tu: mama awe na kundi lake, kwaya iwe na lake. Yaani vilevile mzee alivyowasimamisha pale uani. Tungemfuata yeye tusingehangaika.

Ndiyo maana nasema kundi si mapambo. Nikiwa TP nilipewa darasa la wanafunzi zaidi ya 80. Ukijaribu kumfuata kila mmoja kwenye dawati lake, kengele inalia hujafika hata katikati. Unafanya nini? Unagawa makundi, kila kundi na kiongozi wake, unaongea na viongozi. Treki ni hivyohivyo. Ngoma zote tisa ziende kwenye kundi moja. Kwaya iende kwenye kundi moja, na ndani yake makundi madogo manne ya sauti. Vyombo vya nyuzi na kinanda kundi lao. Ukitaka ngoma zishuke kidogo, unagusa fada moja na uwiano wa ndani unabaki ulivyo. Bila kundi utashusha tisa moja moja, na ukifika ya sita umeshasahau ya kwanza uliishusha kiasi gani.

Halafu kuna hesabu, ambayo hata sisi watu wa sanaa tunaiweza. Treki mbili zinazofanana kabisa zikijumlishwa, sauti inapanda desibeli 6. Zikiwa tofauti lakini zenye nguvu sawa, inapanda kama desibeli 3. Sasa jumlisha treki 16 za kwaya, kila moja umeiweka juu kwa sababu ilikuwa inapendeza ulipoisikiliza peke yake. Taa nyekundu zinawaka kila kona! Ukiwa na makundi unaona mapema ni kundi gani limejaza nyumba, unalishughulikia hilohilo.

Lakini msiende na kasi mkadhani kila kitu kinachoitwa kundi ni kundi. Hapa wengi tunateleza. Kwenye Cubase, folda ya treki inapanga macho tu, sauti haipiti ndani yake. Ukitaka sauti zipite pamoja unatengeneza chaneli ya kundi. Kwenye Reaper, folda inafanya yote mawili, ile treki mama inapokea sauti za watoto wake. Kwenye FL Studio unazielekeza chaneli za mikseri ziingie kwenye chaneli moja unayoichagua wewe. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine anaweza kuweka kompresa yake mahali ambapo hakuna sauti inayopita, halafu anasema "hii plagini mbovu". Teh teh, yalinikuta.

Na mtego mwingine ni mwangwi. Tuseme kila treki ya kwaya inapeleka kiasi fulani cha sauti kwenye chaneli ya mwangwi, na hiyo chaneli ya mwangwi inakwenda moja kwa moja kwenye sauti kuu. Ukishusha fada ya kundi la kwaya, kwaya yenyewe inashuka, lakini mwangwi wake haushuki, maana umechukuliwa kwenye treki kabla ya kufika kwenye kundi. Ukishusha mpaka chini kabisa utasikia kwaya ya mizimu, mwangwi mtupu bila watu! Dawa ni mbili: peleka mwangwi kutoka kwenye kundi lenyewe, au rudisha chaneli ya mwangwi iingie ndani ya kundi la kwaya. Chagua moja, uandike mahali.

Sasa turudi Ruangwa, maana huko ndiko kulikonifanya niandike haya yote.

Machi 2024 yule mama alifariki. Sikujua. Julai nikapangiwa TP Ruangwa, na wiki ya pili tu nikamwona yule mzee wa kwaya amesimama nje ya ofisi ya walimu, kofia mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," halafu akanyamaza kidogo. Ndipo akanieleza. Kwaya ilitaka, kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka, wimbo uleule uanze na sauti yake tupu, bila chombo, ubeti mzima, kisha kwaya imwitikie. Na alitaja ni mara ipi: ile ya tatu, ambayo mwishoni alishusha sauti mpaka watu wote mle chumbani wakanyamaza. Naikumbuka. Mshikaji mwenyewe alivua hedifoni akabaki anatazama sakafu.

Nikamwambia, "Hamna shida mwalimu, ipo."

Ijumaa hiyo nikapanda gari kwenda Nachingwea. Tukafungua faili la wimbo usiku. Treki 41, rangi moja, majina ya namba. Tukaanza kusikiliza moja moja. Audio 05, gita. Audio 11, sauti ya pili. Audio 19, kimya dakika nzima halafu mtu anakohoa. Saa nane usiku tukampata mama mara ya kwanza, mara ya pili, ya nne na ya tano. Ya tatu haipo. Programu inatuambia faili halionekani. Mshikaji akashika kichwa. Kumbe Desemba laptopu ilikuwa imejaa, akaingia kwenye folda la sauti akafuta mafaili aliyoyadhani ni ya majaribio. Na mle ndani hakukuwa na jina lolote la kumzuia. Audio 23 ilifanana na Audio 22 na Audio 24. Kama ingeitwa "Mama anaanzisha, mara ya 3", nani angethubutu kuifuta?

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo naomba mlikamate hata kama mtasahau mengine yote. Programu nyingi zinalipa faili la sauti jina la treki lilivyokuwa wakati unarekodi. Ukirekodi kwanza halafu ukabadilisha jina la treki baadaye, mara nyingi faili kule ndani ya folda linabaki na jina lake la zamani. Kwa hiyo jina linaandikwa KABLA ya kurekodi. Sekunde tano tu. Sisi tulizikosa hizo sekunde tano.

Najua kuna mdau atasema siku hizi akili bandia inatenganisha kila kitu, si ungechukua wimbo uliokwisha mkatenganisha? Tulijaribu. Programu kama Spleeter, ambayo kampuni ya Deezer iliitoa bure mwaka 2019, na nyingine zilizokuja baadaye, zinatenga uimbaji na vyombo vizuri sana. Gita likaondoka, ngoma zikaondoka. Lakini mama alibaki na wenzake 21, maana kwa mashine wote ni "sauti za watu". Na pale alipokuwa peke yake alitoka na vivuli vya kinanda nyuma yake, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Tukakubali tumeshindwa.

Tukatumia mara ya nne. Safari hii tulipanga kwanza. Nusu siku nzima ya Jumamosi hatukugusa fada hata moja. Majina, rangi, makundi: mama, kwaya na sauti zake nne, ngoma, nyuzi na kinanda. Zile treki mbili zisizojulikana tukaziweka kwenye kundi tuliloliita "uliza", hatukuzifuta. Jioni tukaanza kumiksi na, ndugu zangu, tulimaliza kabla ya saa nne usiku! Wimbo ambao mwanzo ulikula siku mbili. Na mama hakuzama hata sehemu moja.

Machi 2025 ukapigwa kwenye kumbukumbu. Mi nilikuwa huku chuoni, sikuweza kwenda. Mzee alinipigia simu kushukuru, akaniombea mema mengi. Halafu akasema, bila kulaumu kabisa, "Ni yeye mwanangu. Ila ile ya tatu ilikuwa ya peke yake." Nikakosa la kusema. Sikuwahi kumficha kwamba tuliipoteza, lakini kumwambia kosa hakulirudishi faili.

Sasa wale mnaosema mpangilio unaua mzuka, nawauliza: mzuka wa nani? Wakati wa bendi zetu za dansi zikirekodi Radio Tanzania, wanamuziki walipiga wote kwa pamoja. Mpangilio ulikuwa kwenye kusimama kwao, nani akae karibu na maiki na nani arudi nyuma. The Beatles walitengeneza albamu nzima ya Sgt. Pepper, iliyotoka mwaka 1967, kwa mashine za tepu zenye treki nne tu. Zikijaa, walizimiksi na kuzihamishia kwenye tepu nyingine ili wapate nafasi, na kilichochanganywa hivyo hakikuwa rahisi kurudishwa nyuma. Kwa hiyo ilibidi waamue makundi mapema. Uhaba uliwalazimisha kupanga. Sisi tuna treki tunazotaka, hakuna anayetulazimisha, ndo maana tunamwaga tu.

Na sisi watu wa Nachingwea tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Wazee wetu waliona Waingereza wakija na mradi wa karanga miaka ile ya 1947 mpaka 1951, matrekta kibao, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Kazi kubwa ilianza kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua. Mradi ukafa, na reli nayo ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Nguvu zilikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichorukwa ni hatua ya kwanza.

Ila nisiwe mwongo, kupanga nako kuna kuzidi. Baada ya tukio lile nilipatwa na wazimu wa makundi. Wimbo mmoja wenye treki 14 niliuwekea makundi 11, kundi ndani ya kundi ndani ya kundi. Kukawa na mvumo fulani unasikika, nikautafuta jioni nzima ngazi kwa ngazi kama barua inayosubiri muhuri wa kila ofisi. Kwa hiyo kipimo changu sasa ni kimoja: kundi liwepo kama kuna siku nitataka kuvigusa vitu hivyo kwa pamoja. Kama hamna siku hiyo, kundi la nini?

Kwenye ualimu tunafundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Wengi tunaandika kwa ajili ya mkaguzi, tukubaliane ukweli. Lakini andalio lina faida nyingine ambayo hatuisemi: ukiugua kesho, mwalimu mwenzako anaingia darasani anajua ulipoishia. Faili la wimbo ni hivyohivyo. Unaliandaa kwa ajili ya mtu atakayelifungua baada yako, na mara nyingi mtu huyo ni wewe mwenyewe baada ya mwaka, umesahau kila kitu, na nje amesimama mzee ameshika kofia.

Basi wale mnaorekodi kwaya, kaswida, bongo fleva, vigodoro, hata sauti ya bibi yako akisimulia hadithi kwa simu: kabla ya kubonyeza, andika jina. Kabla ya kugusa fada, kila mtu asimame kwenye sauti yake. Haikugharimu chochote.

Haya, naona wenzangu wanarudi na kelele zao, inaonekana timu yao imeshinda. Mwenye mtazamo tofauti karibu tubishane, ila njoo na hoja! Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.